Mwongozo kamili wa kuingiza gesi asilia katika mradi mpya wa nyumba Dar es Salaam: bomba kuu, matawi na mita

Gesi asilia ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam tangu 2004, na bomba kubwa linalotoka Mtwara lilikamilika 2015. Sehemu kubwa ya gesi hiyo huishia kwenye mitambo ya kuzalisha umeme ya Ubungo na Kinyerezi na kwenye viwanda, lakini mabomba ya majumbani nayo yameshaingia katika baadhi ya mitaa, Mikocheni ikiwa mojawapo. Kwa hiyo mwendelezaji anayejenga makazi jirani na mtandao huo ana kila sababu ya kuuliza, kabla hajamwaga zege la kwanza, kama nyumba zake zinaweza kuunganishwa.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo tangu ramani hadi mwali wa jiko. Umeandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa miradi, wahandisi vijana na mafundi sanifu. Hauchukui nafasi ya kanuni za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, wala viwango vya mmiliki wa mtandao, na pale vipimo vyangu vitakapotofautiana na vyao, vyao ndivyo vya kufuata. Ninachosisitiza ni kimoja: bomba la gesi likishafukiwa halikaguliki tena kwa macho, na nguvu ya polietilini, plastiki ya mabomba haya, hukadiriwa kwa kigezo cha miaka 50, hivyo kila jambo linalopaswa kuonekana lionekane, lipimwe na liandikwe wakati mtaro ungali wazi.

Hatua ya 1: Kabla ramani ya barabara haijafungwa

Anza kwa barua kwa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, ukiambatanisha ramani ya eneo, idadi ya nyumba, matumizi yanayotarajiwa na ratiba ya ujenzi. Unahitaji majibu matatu yaliyoandikwa: bomba lililo karibu liko wapi hasa, lina mgandamizo gani, na lina uwezo wa kubeba wateja wako wote au sehemu tu. Jibu la mdomo lisikutoshe, kwa sababu majibu hayo ndiyo yatakayoamua kipenyo cha bomba lako na kama utahitaji kituo cha kupunguza mgandamizo ndani ya mradi.

Wakati barua hiyo inashughulikiwa, anza mambo ya vibali. EWURA ndiyo mdhibiti wa usafirishaji na usambazaji wa gesi asilia chini ya Sheria ya Petroli ya 2015. NEMC inahusika na mazingira, OSHA na usalama wa wafanyakazi, na mkandarasi lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kukata barabara ya mtaa kunapitia TARURA, na barabara kuu kunapitia TANROADS. DAWASA, TANESCO na kampuni za simu waombwe ramani za miundombinu yao, kisha ramani hizo zithibitishwe kwa kuchimba mashimo ya majaribio kwa mkono, kwani katika mitaa ya zamani bomba la maji si ajabu kulikuta mita mbili kando ya mahali lilipochorwa. Na usipite ofisi ya serikali ya mtaa kama mpita njia. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake ndio watakaowaeleza wakazi kwa nini mbele ya geti lao kuna mtaro.

Ndani ya mradi wenyewe, panga mpangilio wa kufukia. Majitaka hutangulia kwa kuwa yanahitaji mteremko na huenda chini zaidi, yakifuatiwa na maji safi, kisha gesi, kisha umeme na simu, na mwisho ukingo wa barabara na vitofali. Mwendelezaji anayeitisha gesi baada ya vitofali kupangwa atalipia kazi hiyo mara mbili, na vitofali vyake havitarudi kama vilivyokuwa.

Hatua ya 2: Kukadiria matumizi

Jiko la kawaida la nyumbani lenye mafiga manne na oveni, vyote vikiwaka kwa pamoja, huhitaji takriban kilowati 10, yaani karibu mita moja ya ujazo ya gesi asilia kwa saa. Kwa upande wa mwezi mzima, mtungi wa kilo 15 una nishati inayolingana na mita za ujazo kati ya 18 na 20 za gesi asilia. Kwa hiyo familia inayomaliza mtungi mmoja kwa mwezi haitumii hata mita moja ya ujazo kwa siku.

Pengo kati ya takwimu hizo mbili ndilo kiini cha ukadiriaji. Nyumba 120 hazihitaji mita za ujazo 120 kwa saa, kwa sababu si kila mtu anapika kwa wakati mmoja kwa mafiga yote, na ndiyo maana mmiliki wa mtandao huwa na jedwali la kupunguza jumla kadiri nyumba zinavyoongezeka. Hata hivyo, jedwali lililotungwa kwa ajili ya nchi za baridi lisichukuliwe bila kufikiri. Kule gesi nyingi huenda kwenye kupasha nyumba joto, huku kwetu yote huenda jikoni, na jiko letu lina saa yake. Mwezi wa Ramadhani, kuanzia saa kumi alasiri hadi adhana ya Magharibi, nyumba nyingi huwa na uji, tambi, mihogo na mchuzi motoni kwa pamoja. Bomba linalotosha siku ya kawaida ya Februari laweza kudhoofisha mwali katika saa hiyo, na mteja hatasahau. Kadiria kwa ajili ya saa hiyo, kisha ongeza nafasi ya awamu ya pili ya mradi ikiwa ipo kwenye ramani.

Hatua ya 3: Kuchagua na kutunza mabomba

Kwa usambazaji wa makazi, bomba la polietilini linalotengenezwa kwa kiwango cha ISO 4437 ndilo la kawaida. Daraja la PE 80 aghalabu huwa la njano na PE 100 la rangi ya chungwa, au jeusi lenye mistari ya rangi hizo. Herufi SDR zinaeleza uwiano wa kipenyo na unene: bomba la milimita 110 la SDR 11 lina ukuta wa milimita 10. Ukitumia kigezo cha usalama cha 2, PE 100 ya SDR 11 inahesabiwa kuwa na uwezo wa bari 10 (bari ni kipimo cha mgandamizo), wakati mitandao mingi ya makazi haizidi bari 4. Ziada hiyo si ya kuchezea. Ndiyo inayolinda bomba dhidi ya mikwaruzo na mizigo ya udongo.

Mabomba yakifika kambini, yapangwe juu ya mbao laini, ncha zikiwa na vifuniko, na yafunikwe turubai, kwani jua la Pwani hulila polietilini polepole. Mkwaruzo unaozidi asilimia 10 ya unene wa ukuta unatosha kulikataa bomba au kuikata sehemu hiyo. Pitisha kidole juu ya kila bomba kabla halijateremka. Kidole hukamata mkwaruzo ambao jicho limeupita.

Hatua ya 4: Mtaro

Desturi inayotumika sana ni kuacha angalau sentimita 75 kutoka mgongo wa bomba hadi juu ya ardhi chini ya barabara, na sentimita 60 chini ya njia ya waenda kwa miguu. Kati ya bomba la gesi na nyaya au mabomba mengine pabaki angalau sentimita 30, na pasipowezekana, mhandisi aidhinishe kinga kwa maandishi.

Udongo wa Dar es Salaam hauko namna moja. Upande wa Msasani na Kunduchi utakutana na mwamba wa matumbawe wenye ncha kali, nao unahitaji tandiko la mchanga safi wa sentimita 10 hadi 15 chini ya bomba na kiasi hicho hicho juu yake. Kwenye mchanga mlegevu kuta za mtaro humomonyoka, kwa hiyo mtaro unaozidi kimo cha kiuno utegemezwe kwa mbao au upanuliwe juu. Mchanga humfukia mtu bila kutoa sauti. Kwenye mabonde yenye mfinyanzi, udongo hutanuka wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na mfinyanzi huo usirudishwe kulizunguka bomba.

Yapo pia maji. Bomba la milimita 110 la SDR 11 lina uzito wa takriban kilo 3 kwa mita, lakini linasukuma pembeni kilo 9.5 za maji; likiwa tupu katika mtaro uliojaa maji, kila mita inasukumwa juu kwa nguvu ya zaidi ya kilo 6. Mvua moja ya usiku mwezi Aprili inatosha kuliibua bomba lote ulilolilaza mchana. Pampu iwepo kazini, na bomba lililolazwa lizibwe ncha na lifukiwe kwa sehemu siku hiyo hiyo, jointi zikiachwa wazi kwa ajili ya ukaguzi.

Jambo jingine linalopuuzwa ni joto. Polietilini hutanuka karibu milimita 0.18 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bomba la mita 100 lililoachwa juani likafikia nyuzi 50, kisha likafukiwa na kupoa hadi 30, litajikunja kwa sentimita 36. Nguvu hiyo huvuta jointi. Lilaze bomba kwa mawimbi madogo ndani ya mtaro, liache lipoe, na funga kiungo cha mwisho asubuhi na mapema.

Baada ya mchanga, weka waya wa kufuatilia bomba, shindilia kwa tabaka, kisha tandaza utepe wa njano wa onyo sentimita 30 juu ya bomba, ili jembe la mtu wa baadaye liupate utepe kabla ya kulipata bomba.

Hatua ya 5: Jointi

Hapa naomba msomaji asiharakishe.

Mabomba makubwa huunganishwa kwa sahani ya moto inayoyeyusha ncha mbili kabla ya kusukumwa pamoja. Kwa vipenyo vya makazi, njia ya kawaida ni kapla ya umeme: kiungo chenye waya ndani yake, ambacho mashine hukipasha joto kwa muda uliosomwa kutoka kwenye msimbopau wake. Mashine inaonekana kufanya kila kitu, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu sehemu inayoamua uimara wa jointi hufanywa kwa mkono kabla mashine haijawashwa.

Bomba hukatwa kwa pembe mraba. Fundi hupima urefu utakaoingia ndani ya kapla, huchora mistari kwa kalamu kuzunguka bomba lote, kisha hukwangua kwa kikwanguo cha kuzunguka hadi mistari hiyo itoweke kabisa. Utando unaoondolewa ni mwembamba, milimita 0.2 hadi 0.4, nao hutoka kama ganda la chungwa lililomenywa na mtu mwenye subira. Utando huo ni polietilini iliyochakaa kwa hewa na jua, na ukibaki, plastiki mpya haitashikamana nayo. Msasa hautumiki. Baada ya kukwangua, bomba hupanguswa kwa kitambaa maalumu chenye alkoholi ya isopropili, na tangu hapo halishikwi kwa mkono wala halipanguswi kwa pindo la shati. Ncha zote mbili hufungwa kwenye vibano visivyoruhusu mtikisiko, ndipo mashine inawashwa. Ikimaliza, vibano hubaki hadi muda wa kupoa ulioandikwa kwenye kapla uishe, na muda huo haupunguzwi kwa kumwagia maji. Upepo wa baharini huleta vumbi la mchanga na chumvi, hivyo kazi yote ifanyike ndani ya hema dogo.

Nimewahi kusimamia mradi kaskazini mwa jiji ambamo jointi moja ilipita jaribio la mgandamizo la saa 24 bila dosari, kisha ikaanza kuvuja miezi minane baadaye. Tulipoichimbua na kuipasua kwa urefu, kapla iliachana na bomba kama kifuniko cha sufuria, na juu ya bomba, mahali palipopaswa kuwa pamekwanguliwa, maandishi ya kiwanda yalisomeka herufi kwa herufi. Sehemu ya herufi hizo ilikuwa imejichapa kinyume ndani ya kapla. Mashine ilikuwa imetoa karatasi inayosema kazi ni njema. Fundi mkuu, mzee aliyeanza kuchomelea kabla wengi wetu hatujazaliwa, aliigeuzageuza mikononi, akaniambia, "Mhandisi, mashine haina macho." Tangu siku ile ninadai picha ya kila jointi baada ya kukwanguliwa, yenye namba ya jointi iliyoandikwa kwenye bomba lenyewe, pamoja na jina la fundi, na hakuna jointi inayofukiwa kabla picha hiyo haijaonekana.

Hatua ya 6: Tawi la nyumba na mita

Tawi la nyumba, mara nyingi la milimita 32, huchukuliwa kwenye bomba kuu kwa tii ya tandiko, kiungo chenye umbo la T kinachochomelewa juu ya bomba. Utaratibu ni kuchomelea, kuacha ipoe, kulijaribu tawi zima kwa hewa, na kisha tu kutoboa bomba kuu kwa kisu kilichomo ndani ya tii yenyewe. Anayetoboa kwanza ili aokoe muda amejinyima nafasi pekee ya kujua kama tandiko limeshika.

Tawi liende kwa mstari mnyoofu kutoka barabarani hadi ukutani, kwa pembe mraba, ili mtu yeyote anayeliona kisanduku cha mita aweze kukisia bomba lilipo. Lisipite chini ya sakafu ya nyumba, chini ya karo la majitaka wala mahali panapotarajiwa kupandwa mti wenye mizizi mikubwa. Mwarobaini na mkungu hupendwa sana uani, na mizizi yake haichagui. Linapoibuka juu ya ardhi, polietilini ibadilishwe kuwa chuma au ifunikwe kwa kinga isiyopitisha jua.

Mita ikae nje, katika kisanduku chenye matundu ya hewa, ukuta unaofikika bila kuomba ruhusa ya kuingia ndani, na koki ya kufungia iwe kabla ya mita. Kidhibiti mgandamizo kilichomo humo hushusha gesi hadi takriban milibari 20 zinazohitajiwa na jiko. Mita ya ukubwa wa G1.6 hupitisha hadi mita za ujazo 2.5 kwa saa, na hiyo inatosha familia inayopika tu. G4 hufika 6, nayo ifikiriwe kwa mwenye kupikia biashara.

Hatua ya 7: Jaribio la mgandamizo

Tuseme bomba la kufanyia kazi kwa bari 4 linajaribiwa kwa bari 6, yaani mara moja na nusu. Hewa iliyobanwa kiasi hicho ina nguvu ya kuua, hivyo ncha zizuiwe kwa uimara, watu waondoke mtaroni, na asiwepo anayekaza kitu bomba likiwa na mgandamizo.

Polietilini mpya hujitanua kidogo inapojazwa, na sindano ya geji hushuka saa za mwanzo bila kuwepo uvujaji. Acha bomba litulie kabla ya kuanza kuhesabu. Kisha pima joto la bomba pamoja na mgandamizo, kwa sababu bila joto usomaji hauna maana. Chukua bomba la mita 400 la milimita 110, lenye ujazo wa ndani wa karibu mita za ujazo 2.5. Kwa bari 6 na nyuzi 30, kupoa kwa nyuzi moja tu kunashusha mgandamizo kwa milibari 23, sawa na kupoteza lita 58 za hewa. Tundu dogo linalopoteza lita 25 kwa saa lingeshusha milibari 10 tu. Kwa hiyo aliyeanza jaribio saa tisa alasiri na kusoma saa mbili usiku ataona uvujaji usiokuwepo, na aliyeanza alfajiri na kusoma adhuhuri anaweza kuufunika uvujaji uliopo. Soma saa moja asubuhi, na tena saa moja asubuhi ya kesho yake, jointi zikiwa kivulini, na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo kilicho wazi.

Hatua ya 8: Kuingiza gesi

Gesi asilia huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na wakati wa kuingizwa lazima ipite katika kiwango hicho ndani ya bomba. Kazi hii ni ya mmiliki wa mtandao au wa aliyeidhinishwa naye, si ya mkandarasi peke yake. Hewa hutolewa kupitia bomba la chuma lililosimama angalau mita 2.5 juu ya ardhi, lililounganishwa na ardhi, mbali na madirisha, nyaya za umeme na kibanda cha mama lishe. Simu zizimwe. Polietilini hujikusanyia umeme tuli, kwa hiyo kitambaa chenye maji, kinachogusa ardhi, kizungushwe mahali panapofanyiwa kazi. Mkondo uende bila kusita hadi kipimo kionyeshe zaidi ya asilimia 90 ya gesi, usomaji ukirudiwa na kutobadilika.

Hatua ya 9: Jikoni

Familia nyingi zitahamia na majiko ya mtungi. Gesi ya mtungi ina nishati zaidi ya mara mbili na nusu kwa ujazo ule ule, hivyo nozeli zake zina matundu madogo; jiko hilo likiunganishwa na gesi asilia bila kubadilishwa nozeli, mwali utakuwa mdogo na chungu cha maharage hakitachemka. Nozeli zibadilishwe na fundi, na zile za zamani ziwekwe ndani ya bahasha pamoja na jiko, kwani kulirudisha jiko kwenye mtungi likiwa bado na nozeli za gesi asilia huleta mwali mkubwa wa hatari na masizi.

Mweleze mama mwenye nyumba, au yeyote anayepika, tofauti iliyo kubwa zaidi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutulia sakafuni. Gesi asilia ni nyepesi na hupanda darini. Matundu ya hewa yaliyo chini pekee hayatoshi tena. Yanahitajika juu, karibu na dari, na hayazibwi kwa sababu ya mbu, bali yanawekewa wavu. Akisikia harufu, asiwashe wala asizime taa. Afungue madirisha, afunge koki iliyoko nje kwenye mita, atoke na watoto, na apige simu akiwa nje.

Hatua ya 10: Kumbukumbu

Mchoro wa kazi kama ilivyofanyika uonyeshe kila jointi, tii, valvu na badiliko la kina, kwa vipimo vya GPS na pia kwa umbali kutoka kwenye vitu visivyohama kama kona ya nyumba na mfuniko wa chemba. Nakala ziende kwa TPDC, kwa mwendelezaji na kwa msimamizi wa makazi, na kila mwenye nyumba apewe ukurasa mmoja wa kiwanja chake, maana fundi wa uzio atakayechimba nguzo miaka mitatu baadaye ataonyeshwa na mwenye nyumba. Kama kuna awamu ya pili, ncha ya bomba iliyoachwa kwa ajili yake imalizwe kwa valvu na kifuniko kilichochomelewa, iwekewe nguzo ya alama, na urefu wake kupita valvu uandikwe kwenye mchoro kwa mita na sentimita.